Ng'ombe wa Jafaras

Homa Bay

Rafiki yangu Oloo,

Ninakuandikia kwa Kiswahili, na najua ungenicheka. Maisha yetu yote tulizungumza Dholuo, na kila nilipojisahau nikaingiza sentensi ya Kiswahili, ulisimama wima kama askari wa gwaride ukawatangazia waliokuwepo, "Kimya! Karani amevaa tai." Lakini mimi nilikuwa mkalimani wa mahakama mpaka siku niliyostaafu, na jambo lolote zito lililopita mikononi mwangu lilipita kwa Kiswahili. Hili nalo ni zito. Nivumilie.

Nataka upate habari hizi kutoka kwangu kabla hujazipata kwa mtu mwingine. Wengine wataongeza chumvi, na kazi ya chumvi ilikuwa yako.

Habari yenyewe ni kwamba ng'ombe walikwenda.

Ulalapo ni pazuri. Uko kando ya mama yake Akinyi, mnatazama lango, na mvua imekwisha kuukandamiza udongo. Akinyi amepanda maua ya manjano kichwani pako. Wewe ungetaka mahindi, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia binti yako hivyo. Unamjua. Ni muuguzi mkuu kule Migori, na hukaripia hata wagonjwa waliozimia.

Sasa nianze mahali panapostahili.

Siku ile hospitalini ulinishika mkono wa shati ukanivuta karibu. Pumzi zilikuwa chache, lakini majivuno yalikuwa yale yale. Ukasema, "Omera, ndugu yangu, wasinizike kimya kimya kama mtu aliyeiba kuku. Nataka ng'ombe wakimbie." Nikakuahidi. Mimi si mtu wa kuahidi ovyo, na kwa sababu hiyo niliondoka pale nikiwa na mzigo.

Wewe huhitaji kuelezwa ulichoniomba. Lakini barua hii huenda ikasomwa na wajukuu wako waliozaliwa Nairobi, kwa hiyo ninaandika: mwanamume mwenye boma akifa, Wajaluo humfanyia tero buru. Wanaume huwatoa ng'ombe zizini, huwakimbiza kwa kelele, filimbi na mikuki hadi mbali, wakikifukuza kifo kitoke nyumbani. Kisha ng'ombe hurudishwa. Vumbi lao ndilo heshima ya mwisho ya marehemu.

Na wajukuu hao wajue pia kwamba babu yao aliitangaza heshima hiyo kwa sinema ya Amerika. Hilo nalo lazima nilieleze, maana wewe hupo tena kulieleza, na sitaki lipotee.

Mgodi wa Macalder ulipofungwa, yule fundi wa Kizungu uliyekuwa ukimsaidia kuwaonyesha wafanyakazi filamu alirudi kwao. Alikuachia projekta na sanduku moja la mbao lenye mikanda. Ndani yake mlikuwa na filamu moja tu, ya mfululizo, iliyotengenezwa Hollywood zamani sana, kabla wewe na mimi hatujazaliwa. Haikuwa na rangi. Jina lake lilikuwa limekatika mwanzoni mwa mkanda, na hakuna kati yetu aliyewahi kulisoma. Ilikuwa na kijana wa kofia nyeupe juu ya farasi mweupe, na kila sehemu ilimalizika akiwa hatarini kufa: amefungwa kwenye reli, ameachwa ndani ya nyumba inayoungua, ameanguka gengeni. Picha ilikatika hapo hapo, na mtazamaji akaenda nyumbani na roho juu mpaka sehemu iliyofuata.

Watu waliokuwa ndani ya filamu walisema Kiingereza cha puani, na spika yako ilikoroma kama mzee mwenye pumu. Ukaizima. Ukasimama kando ya shuka na fimbo mkononi, ukasema wewe. Kijana ukamwita Jafaras, yaani mpanda farasi.

Ninaikumbuka jioni ya kwanza kuliko ninavyokumbuka harusi yangu. Shuka ulikuwa umelitundika kwenye ukuta wa stoo kuukuu pale Macalder. Wachimba dhahabu walikuja na matope magotini, wanawake walikuja na vigoda vyao. Taa ikawaka. Tukaona zizi kubwa la ng'ombe wametulia. Ghafla lango likafunguka, ng'ombe wakatoka mbio kama mafuriko, na nyuma yao wanaume juu ya farasi, wanapiga bunduki hewani, wanapiga mayowe, vumbi limefunika kila kitu.

Stoo nzima ilisimama. Min Ouko, mama yake Ouko, ambaye wakati ule alikuwa ndiyo kwanza ameolewa, akapaza sauti gizani: "Nani amekufa?"

Hakuna aliyecheka. Lilikuwa swali la haki kabisa. Ng'ombe wanakimbizwa, wanaume wanapiga kelele, vumbi linapanda, hao ni watu walio matangani. Mimi nilikaa mbele, na nilikuwa nimekwisha kuisikiliza filamu ile ikiwa na sauti yake. Nilijua kwamba hao walikuwa wezi wa mifugo. Nikafungua mdomo ili nisahihishe.

Ulinitangulia. "Baba yake Jafaras!" ulisema. "Mzee amekufa, na mwanawe anampelekea buru!"

Min Ouko akaanza kulia, na wanawake wengine wakamfuata. Watu wa Macalder walimlilia mzee wa Kimarekani ambaye hakuwahi kuwepo.

Tangu siku hiyo filamu nzima ikawa hadithi ya mwana anayetaka kumuaga baba yake ipasavyo, na watu wa kofia nyeusi wanaomzuia. Nilingoja uanguke. Nilijua itafika sehemu ambayo picha itakuumbua. Haikufika. Yule msichana wa kwenye piano ukamfanya dada yake Jafaras. Yule mwenye nyota kifuani ukamfanya chifu, na watu wakamshangilia au wakamzomea kutegemea chifu wao alikuwa mtu wa namna gani. Hata sanduku la dhahabu lililofichwa pangoni, wachimba dhahabu wako ukawaambia ni mali ya kununulia ng'ombe wa kilio, nao wakatikisa vichwa na kusema, "Hiyo ni kweli, ng'ombe ni ghali."

Nilikuambia, kwa ukali, "Oloo, huko si kutafsiri." Uso wako haukubadilika hata kidogo. "Wewe unatafsiri watu waliosimama hapo wanakusikiliza," ukasema. "Hawa wangu wako Amerika. Watanishtaki wapi?"

Kila nilipopata likizo nilifuatana nawe. Nilijiambia kwamba ninakwenda kushika waya wa jenereta. Kendu Bay, Karungu, Sori, tukavuka hadi Mfangano pamoja na Salim, yule mwenye duka wa Kendu Bay. Na sitaacha kulitaja la Mfangano, maana bila hilo mengine hayatafahamika.

Mwisho wa sehemu ile ya kwanza, ile ya ng'ombe, Jafaras na farasi wake wanaruka kutoka gengeni na kutumbukia mtoni. Maji yanawafunika. Picha inakwisha. Mahali pengine watu walinung'unika wakaenda kulala. Mfangano walikataa kuondoka. Mzee mmoja wa mwambao akaja akaweka mkono wake juu ya mashine na kusema, "Mtu huyu hatumwachi majini." Kwao si mchezo. Kisiwani mtu akizama, hakuna anayetia kitu kinywani mpaka apatikane, na mitumbwi yote hutoka. Wewe ulikuwa unawaambia wamngoje Jumamosi!

"Mtoe," wakasema.

Mkanda wa pili ulikuwa Kendu Bay, ndani ya stoo ya Salim, kati ya magunia ya sukari. Nikadhani tutalala pale kama mateka. Wewe ukaikuna shingo yako, ukainama, ukabonyeza ile swichi ya pembeni. Mashine ikaanza kwenda kinyumenyume. Maji yakafunguka, farasi akapaa kutoka mtoni na miguu yake imekunjwa, akatua juu ya genge, mkavu, na Jafaras yu hai tandikoni. Kisiwa kizima kilipiga makofi. Walitufungia samaki kwenye majani wakatusindikiza hadi ufukoni. Nilikuambia njiani kwamba jambo lile lilikuwa la kitoto, kwamba hadithi haiendi nyuma. Ulikuwa unakula samaki.

Sasa ya msiba wako.

Tulikutana sebuleni kwako kupanga mazishi. Nikasema ulichoniomba. Akinyi akaweka kikombe chini.

"Baba mdogo, baba alibatizwa, na wewe ulikuwepo. Mchungaji ameshasema. Hakuna ng'ombe, hakuna pembe, hakuna mikuki."

"Aliniomba mimi, Akinyi."

"Mimi hakuniomba."

Alisema kweli, Oloo. Wewe hukumwogopa mtu yeyote ziwani wala nchi kavu, lakini binti yako ulimwogopa, ukaniachia mimi vita vyako. Niliona macho yake. Hakuwa na hasira na mila. Alikuwa ameumia kwamba siri yako ya mwisho hukumpa yeye. Nami sikuweza kumvunjia heshima katika nyumba yake yenye msiba, wala kanisa lililokuwa limekutunza ulipougua. Wala sikuweza kurudi Homa Bay nikiwa nimevunja neno langu. Nilikaa nje kwenye kiti cha plastiki, sikujua la kufanya.

Ndipo Salim akanipigia simu kutoka Kendu Bay kutoa pole. Alilia kwanza, kwa muda mrefu, kama unavyomjua. Kisha, kwa kuwa ni mfanyabiashara, akauliza, "Karani, na hii mashine ya marehemu niifanye nini? Inakula nafasi ya sukari."

Nikasimama pale pale. "Mkanda wa ng'ombe upo?"

"Upo. Wa ng'ombe na wa kuanguka gengeni, ni mmoja."

Nikaingia ndani. Nikamwuliza Akinyi kama kanisa lake linakataza watu kutazama sinema ya ng'ombe.

"Sinema ya Jafaras?"

"Ndiyo."

Akageukia dirisha. "Nilipokuwa mdogo," akasema, "nilidhani Jafaras ni jamaa yetu wa upande wa Karungu. Niliuliza kwa nini haji Krismasi." Mabega yake yakatikisika, sikujua kama ni kicheko au kilio. Kisha ile sauti ya wodini ikarudi: "Baada ya maombi. Baada ya kaburi kufunikwa. Na watu wasikimbie wakaniangushia hema, limekodishwa."

Salim alikuja mwenyewe na pikapu yake, mashine imefungwa kwa godoro. Mkanda alikuwa ameuunga kwa gundi palipokatika. Mshipi wa kuzungusha ulikuwa umeoza, akakata mwingine kutoka kwenye tyubu ya baiskeli. Taa aliitoa kwenye kopo la majani ya chai, ndani ya pamba, kama yai. "Ni hii moja tu, Karani," akasema. "Ikiungua, basi. Na nani atasema?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. Nilitazama huku na huku. Spika ilikufa kabla yako. Wote waliowahi kushika fimbo ile walikuwa mtu mmoja, naye tulikuwa tumetoka kumfukia.

Wanawake walizungushia hema blanketi na leso zote zilizokuwa nyumbani mpaka jua la alasiri likabaki nje. Ndani kulikuwa na joto la tanuri. Walikuwemo watu wa kanisa, wachimba dhahabu wa sasa, wazee waliokuja kwa kushikwa mikono, na vijana waliofuata tu jenereta. Nikasimama kando ya shuka na fimbo yako. Nilikuwa nimevaa suti yangu ya mahakamani. Na tai, ndiyo.

Taa ikawaka. Zizi likatokea, ng'ombe wametulia. Lango likafunguka. Nikasafisha koo, nikasema kama nilivyofunzwa, bila kuzidisha wala kupunguza: "Ng'ombe wanatoka zizini. Wanaume watano wamepanda farasi. Mmoja ana kofia nyeupe."

"Wee mzee, hiyo si tunaiona!" kijana mmoja akasema kutoka nyuma.

Nikaendelea: "Mwenye kofia nyeupe anaelekea upande wa kushoto."

"Hii ni korti ama ni sinema?"

Hema lote lilicheka. Walicheka, Oloo, katika matanga yako, na ng'ombe wako walikuwa wanapita bure juu ya shuka. Walikuwa wanamalizika. Maneno yote sahihi niliyoyajua yalinijia, hakuna hata moja lililofaa.

Ndipo sauti ya kizee ikatoka kwenye viti vya mbele. Ni Min Ouko. Haoni vizuri siku hizi; sidhani aliona zaidi ya mwanga na vivuli vinavyokimbia. Lakini aliuliza kwa sauti ile ile:

"Nani amekufa?"

Hema likanyamaza. Nikafahamu kwamba yule mama alikuwa ananishika mkono. Nikalegeza tai, nikaivua, nikaitupa sijui wapi.

"Oloo!" nikapiga kelele. "Oloo wa Macalder amekufa! Jafaras amesikia habari akiwa Amerika, ameacha chakula mezani, amewatoa ng'ombe wa baba yake wote, anampelekea Oloo buru! Tazameni vumbi hilo! Chifu gani amewahi kupata vumbi kama hilo?"

Sijui mengine niliyatoa wapi. Nilimsifu farasi. Nilizitaja Kendu Bay, Karungu, Sori na Mfangano, na kila nilipotaja mahali, watu wa huko waliitikia. Niliwatukana watu wa kofia nyeusi kwa Dholuo ambayo sijawahi kuitumia mbele ya wanawake. Wanawake walipiga vigelegele na kulia kwa pamoja. Vijana walipuliza filimbi kwa vidole. Nilimwona mzee mmoja wa kanisa akipiga goti lake kwa kitabu cha nyimbo.

Kisha genge. Kisha mto. Maji yakamfunika Jafaras, shuka likawa jeupe. Watu wakashangilia. Mimi nilidhani tumemaliza.

"Na ng'ombe?" akasema Min Ouko. "Mbona hawajarudi?"

Shangwe ikakatika kama kamba. Wazee wakatazamana. Alikuwa na haki tena yule mama. Ng'ombe wa buru wakitoka wasirudi, boma limeachwa wazi, na ni afadhali wangelala zizini tangu mwanzo. Nikamtazama Akinyi. Alikuwa amesimama mlangoni mwa hema, mikono kifuani, naye alikuwa ananitazama mimi, si kwa ukali. Alikuwa anangoja kama wengine wote.

Salim si Mjaluo. Baba yake alitoka pwani akafungua duka Kendu Bay. Lakini amekaa nasi maisha yake yote, na alikuwepo Mfangano. Sikumwambia kitu. Aliinama, akaikuna shingo yake, wallahi kama wewe, akabonyeza swichi ya pembeni.

Maji yakafunguka. Farasi akapaa akatua juu ya genge, mkavu. Vumbi likaanza kushuka na kurudi ardhini. Moshi ukaingia ndani ya bunduki. Na ng'ombe wakaja kinyumenyume, mamia yao, mikia mbele, moja kwa moja kuelekea nyumbani.

"Wanarudi!" nikasema. "Wanarudi nyumbani kwa Oloo!"

Yule kijana wa nyuma hakuwa amechoka. "Mzee, kama kila kitu kinarudi, si hata kifo kinarudi nao?"

Lilikuwa swali zuri. Mahakamani ningeomba muda. Lakini nilikuwa na fimbo yako mkononi, na jibu lilitoka kabla sijalifikiri:

"Kifo hakijui kutembea kinyumenyume! Kimebaki huko huko mtoni, Amerika, na nauli ya kurudi hakina!"

Laiti ungesikia kelele ile. Hema lilitikisika, na Akinyi, mwenye hema, ndiye aliyekuwa anarukaruka zaidi ya wote. Ng'ombe wa mwisho akaingia zizini, lango likajifunga, wakasimama wametulia kama mwanzo. Salim akaizima taa kwa mkono wake mwenyewe, polepole. Haikuungua.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na sijazidisha neno.

Mashine haikurudi Kendu Bay. Akinyi alikataa katakata. Imo sebuleni kwako, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na wageni hukaribishwa kuitazama kabla ya chai. Jioni ile ile alikuja akakaa kando yangu, akaniuliza, "Baba mdogo, alikuambia kwa maneno gani, hospitalini?" Nikamwambia yote, hata la kuku. Akacheka mpaka akafuta macho kwa aproni.

Siku hizi nikipita sokoni Macalder, watu wananisalimu, "Karani, Jafaras hajambo?" Ninawajibu kwamba hajambo. Katika kazi yangu, mkalimani mwema ni yule asiyekumbukwa. Wanasheria waliondoka na sifa, nami nikaenda nyumbani na koo kavu. Sikulalamika, wala silalamiki. Lakini wewe ulisimama kando ya shuka bovu, ukawapa watu wa pande mbili, wa ziwani na wa mgodini, marehemu wa kumlilia na ng'ombe wa kumsindikiza, na nusu karne baadaye kikongwe asiyeona vizuri bado alijua aulize nini. Ninajivuna kwamba nilikushikia waya.

Ninakuahidi jambo moja, nawe unajua thamani ya ahadi yangu. Wajukuu wako watakapokuja likizo, nitawaonyesha mkanda ule, na nitasema kama ulivyosema. Na yule aliyesoma sana akinishika pembeni aniambie kwamba hao ni wezi wa mifugo tu, nitamtazama kama nilivyowatazama mashahidi waongo, nami nitamwuliza: basi nani amekufa?

Lala, omera. Ng'ombe wamo zizini. Nimewaona kwa macho yangu.

Wako,
Karani